Mrija wa Baba Ulivyopanda Ndege

Kutoka boma letu la Malaba hadi Uganda ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na hapo uwe unatafuna bila haraka. Ukisimama nyuma ya jiko la mama unaona trela zimepanga foleni ng'ambo ya mto, na upepo ukiwa mzuri unawasikia madereva wakitukanana kwa Kiganda. Nimevuka huko mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani. Nimevuka kununua ndizi, kunyolewa, kumfuata mbuzi, na siku moja nilivuka kwa sababu tu nilikuwa nikitembea huku nikigombana na mtu kwenye simu, nikashtukia niko kwa wenyewe.

Kwa hivyo mtu wa Malaba akisikia kwamba nilikwenda Uganda kwa ndege ana haki ya kucheka. Wamecheka, na bado wanacheka. Kuna jamaa mmoja anayeosha malori karibu na ofisi yangu ambaye mpaka leo akiniona hunyoosha mikono miwili kama mabawa na kunipita akivuma. Acha nieleze mara moja, halafu nisiulizwe tena.

Lawama ni ya baba. Baba yangu ni Mteso wa zamani, amevuka themanini, na mdogo wake wa pekee, baba mdogo wangu, alihamia Kampala akiwa kijana akauza vitambaa mpaka akazeekea huko. Walipendana sana hadi walipozika mama yao. Siku ya matanga baba ndiye aliyekuwa mwenye chungu. Kwetu ajono, ile pombe ya wimbi, hunywewa chungu kimoja: wazee wanakaa duara, chungu kinawekwa katikati, kinamiminiwa maji ya moto, na kila mzee anatia mrija wake mwenyewe, mrefu kuliko mtu aliyesimama. Kuna adabu zake. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Hupulizi. Na hata uwe na wasiwasi namna gani, huchungulii ndani ya chungu. Kuchungulia ni kusema mwenye chungu ametia kitu. Ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo.

Baba mdogo alikuwa amekuja na miwani mipya kutoka Kampala. Sijui ni miwani au ni mji, lakini mbele ya wazee wote aliinama akachungulia.

Alisema aliona nzi. Baba alisema hapakuwa na nzi. Wakabishana juu ya nzi huyo mpaka chungu kikapoa. Mwishowe baba mdogo akasema, "Basi njoo kwangu Kampala unywe chungu changu, uchungulie mpaka uchoke." Naye baba akajibu, "Kwako nitakuja siku nitakayopanda ndege." Wakati huo chombo pekee chenye gurudumu katika boma letu kilikuwa mkokoteni, kwa hivyo kila mtu alielewa maana yake ni kamwe. Na neno lililosemwa mbele ya chungu halirudishwi. Ikapita miaka ishirini na kitu. Walikuwa wakiulizana hali kupitia kwangu, kila mmoja akijifanya hakuuliza.

Mwaka jana binti wa baba mdogo, ambaye kwetu ni dada yangu tu, akanipigia simu. Sukari ilikuwa imemwandama mzee. Jumatatu alikuwa alazwe akatwe mguu. Kabla ya hapo alikuwa na ombi moja: anywe chungu kimoja na kaka yake, Jumamosi, saa kumi.

"Daktari amekubali?" nikauliza.

"Daktari hajaulizwa," akasema dada. Halafu akaniambia niangalie simu, kwamba kuna tikiti imeingia. "Mzee amesema, kaka yake alisema atakuja na ndege. Ndege ndiyo hiyo."

Baba aliipokea habari hiyo akiwa ameketi, maana siku hizi kutoka kitandani hadi kwenye kiti kunamchukua muda wa taarifa ya habari nzima, pamoja na hali ya hewa.  Siku ya tatu akaniita, akaniagiza nipande niuteremshe mrija wake kutoka kwenye paa.

"Magoti yangu hayawezi," akasema. "Lakini mrija wangu ukiwa kwa chungu, mimi niko kwa chungu. Wazee wanajua hiyo. Wewe enda nao."

Nikamwambia vizuri. Asubuhi nitapanda basi hapo stendi, kabla ya chakula cha mchana niko Kampala.

"Mimi nilisema basi?"

"Baba, ndege inaanzia Kisumu. Inaenda Nairobi kwanza. Ni kurudi nyuma nchi nzima ndiyo niende mbele."

"Nilisema basi?"

Hakusema basi. Tukabadilisha jina la tikiti. Aliponikabidhi mrija alinishika mkono. "Ukivunjika," akasema, "usinirudie na fimbo mbili." Hakukuwa na mrija mwingine. Alikuwa ameutumia tangu kabla sijazaliwa, na katikati ulikuwa na waya wa shaba uliozungushwa mahali ulipowahi kupasuka. Nilielewa vizuri sana nilichobebeshwa. Mrija usipofika mzima kabla ya chungu kupoa, wale wazee wawili watazikwa bila kusalimiana, na mbeba lawama nitakuwa mimi.

Fundi wa maji wa jirani alinipa bomba jeupe la plastiki lenye urefu wa mita mbili na nusu. Nikauvisha mrija vipande vya blanketi kuukuu, nikausukumia ndani, nikaziba kila upande kwa gunzi la mahindi.

Hapa lazima niseme kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Mimi ni wakala wa forodha, mmoja wa hawa mnaowaona wakikimbia na makaratasi kati ya lori na dirisha. Nimepitisha mpakani saruji, mitumba, matrekta, na simba wawili wa sanamu waliokuwa wakipelekwa kwa hoteli. Hakuna mzigo ulionishinda. Usiku wa kuamkia safari niliketi nikauandalia mrija karatasi zake kama mzigo wowote wa heshima.

Ijumaa niliondoka. Uganda ikanisindikiza upande wa kulia njia yote hadi Busia. Hapo niliposhuka kubadilisha gari nikakutana na wakala mwenzangu, tunafahamiana miaka mingi. Akaliangalia bomba, akaniangalia mimi na suti yangu.

"Boss, unaenda wapi?"

"Kampala."

Akanishika bega kwa upole, akanigeuza kuelekea lango la mpaka, ambalo lilikuwa hatua chache kutoka tuliposimama. "Kampala ni hapo," akasema.

"Najua iko wapi."

"Si uko sawa lakini? Nyumbani wako sawa?"

Nikapanda gari la Kisumu bila kumjibu. Kupitia dirishani nikamwona akimweleza muuza njugu, na muuza njugu akitikisa kichwa kwa huruma.

Nililala Kisumu kwa shemeji, na asubuhi ya Jumamosi nikaanza kuruka. Msichana wa kaunta alipima bomba kwa macho akaniuliza kama ninaenda kufunga matangi. Nairobi waliniuliza kama ninaenda kufunga mitambo ya umwagiliaji. Nikajibu wote kwamba si fundi, na wote wakanijibu, "Sawa, fundi." Ndege yenyewe sina la kuisimulia, maana niliifumbia macho. Nilichukua siku moja na nusu kurudi nyuma, kisha kwa muda wa kunywa soda moja nikarushwa juu ya kila kitu nilichokuwa nimepita, pamoja na boma letu, pamoja na baba kwenye kiti chake, nikateremshwa Entebbe saa saba na nusu mchana.

Nilidhani naijua Uganda. Hii sikuijua. Uganda yangu unaingia kwa kusalimiana, unakwepa dimbwi, unaulizwa habari ya watoto. Hapa walitupanga kati ya kamba, tunazunguka huku na kule kama ng'ombe wanaokwenda josho, kuelekea vibanda vya vioo. Baridi ya mashine ilikuwa imewashwa mpaka nikajuta kutovaa sweta ya ndani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu nilianza kuiona nilipofika kwenye kibanda na kutoa kitambulisho.

Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mtaratibu, akaniita bwana kwa Kiganda. "Karibu, ssebo. Hii ni mara ya kwanza kuingia Uganda?"

"Hapana."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Juzi."

Akaitazama kompyuta yake. "Juzi ulikuja na ndege gani?"

"Nilikuja na miguu. Nilikuwa nanunua ndizi."

"Na ulitoka Uganda lini?"

"Nilipomaliza kununua ndizi."

Nyuma yangu foleni ilianza kusogea ili isikie vizuri. Kijana akakigeuza kitambulisho, akasoma, akakigeuza tena. "Wewe natoka Malaba," akasema. "Malaba hii ya Kenya, ile naangaliana na Malaba yetu?"

"Hiyo hiyo."

"Na umepanda ndege mbili."

"Ndiyo."

"Banange," akashangaa kwa sauti ndogo, akamwita mwenzake wa kibanda cha pili aje aone. Wakanitazama wote wawili kupitia kioo. Yule wa pili akauliza nimekuja kufanya nini Kampala.

Nilikuwa nimeapa kutosema uongo katika safari hii, kwa sababu ya baba. "Kunywa pombe," nikasema.

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka chungu kiishe."

Wakaniachilia. Nadhani waliogopa nitaendelea kuwajibu.

Kwenye mkanda wa mizigo nilisimama mbele kabisa. Yakapita masanduku, mabegi, kiti cha mtoto. Watu wakachukua vyao wakaondoka. Kisha, peke yake, katikati ya mkanda mweusi mpana, likaja gunzi la mahindi.

Lilikuwa langu. Nililijua kwa sababu nililila mwenyewe Alhamisi. Likanipita kwa utaratibu, likaingia kwenye ule mlango wa mapazia ya mpira, likazunguka, likarudi. Mzungu mmoja akalipiga picha. Mimi sikuweza kucheka. Kama kizibo kimetoka, mrija umetoka, na kama umetoka uko chini ya masanduku ya watu, ni fimbo mbili, labda tano. Lilipopita mara ya tatu nikaliokota nikalitia mfukoni.

Mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, wakatoka wanaume wawili wamelibeba bomba mmoja mbele mmoja nyuma, kwa heshima kama jeneza. Nikapiga magoti pale pale sakafuni nikachungulia ndani. Blanketi lilikuwepo. Nikaingiza mkono, nikaupapasa mrija wote kadiri nilivyoweza kufika, nikakuta mzima. Nikaziba bomba kwa gunzi langu.

"Pole, fundi," wakasema wale wanaume.

Ilikuwa saa nane. Nilikuwa na muda wa kutosha na wa kuchezea, na kweli niliuchezea.

Mahali pa kutokea palikuwa na njia mbili, moja ya wasio na kitu cha kutangaza na nyingine ya walio nacho. Ndege nzima ilipita ile ya kwanza, hata mama mmoja mwenye masanduku matano yaliyokuwa yanapumua. Mimi miguu ilinipeleka ile ya pili. Miaka yote hiyo ya kazi, siwezi kuvusha kitu bila mhuri, kama vile wengine hawawezi kula bila kunawa.

Afisa wa forodha alikuwa mtu mnene, ameshiba, anasinzia. Nikatoa gunzi na kuvuta mrija kidogo aone. Uso wake wote ukachangamka.

"Ah, mzee, si huu ni mrija wa malwa, hii pombe yetu ya chungu? Hata baba yangu ako nao. Pita, ssebo."

"Siwezi kupita hivi hivi."

"Kwa nini?"

"Naomba karatasi."

"Ya nini? Mrija hauna kodi."

"Hiyo ya kwamba hauna kodi, niandikie."

Akacheka, akadhani natania. Sikutania. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa kazi hiyo hiyo yake, kwamba nimeona kwa macho yangu jenereta lililoingia bila karatasi likashindwa kurudi kwao, mpaka kuku wakataga ndani yake. Mrija huu si wa kubaki. Ni wa kuingia kwa muda na kurudi kwa mwenyewe. Nikamtolea fomu niliyojaza nyumbani kwa mwandiko wangu bora: mrija mmoja, wa mmea, umetumika, si wa kuuzwa, utarudi Kenya.

Yule bwana akashusha pumzi, akamwita msichana mmoja kutoka ofisi ya ndani. Huyo alikuwa anaijua kazi. Aliisoma fomu neno kwa neno na kalamu mkononi, nikampenda mara moja, nikatamani awe Malaba.

"Umeandika ni wa mmea," akasema.

"Ndiyo, madam."

"Mimea nataka cheti ya kuonyesha haina wadudu."

Akateremsha kalamu kwenye neno lililofuata.

"Na umeandika umetumika. Chombo ya kunywa yenye imetumika naenda kwa meza ile ingine."

Mganga hajigangi. Kila neno nililokuwa nimeliandika ili limsaidie mrija lilikuwa limegeuka pingu, na aliyezifunga ni mimi. Wakaupima mrija kwa futi. Wakaupima uzito pamoja na bomba, kisha bila bomba. Akaletwa mtu wa mimea, akaunusa, akasema unanuka pombe. Nikamwambia kama usingenuka pombe ndipo angeshuku. Tukabishana. Nilianza kupandisha sauti. Nilitaja kifungu cha sheria ambacho sina hakika kama kipo.

"Mzee," yule mnene akanikatiza, "huo mrija unangojwa na nani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa hasira mwanzoni, halafu hasira ikaisha njiani: nzi, ndege, mguu wa Jumatatu, chungu cha saa kumi.

Akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. "Na wewe uko hapa," akasema taratibu, "nimekwambia pita saa nane, unataka mhuri."

 Niliona aibu hadi masikioni. Miaka ishirini nimemcheka baba kwa kushikilia neno moja mbele ya chungu, na mimi hapa nimeshikilia karatasi ambayo hakuna aliyeniomba. Ubishi wetu ni wa ukoo, hauchagui. Yule msichana akaichukua fomu yangu, akaandika chini yake "Umeonekana", akaipiga mhuri mkubwa wa zambarau, akanipa. "Sasa toka," akasema. Ninayo mpaka leo.

Nje dereva aliyetumwa na dada alikuwa amechoka kushika kibao, ameketi juu yake. Gari lake lilikuwa moja ya yale madogo ambayo mtu hayapandi, anayavaa. Tulijaribu bomba kila upande. Mwishowe lilianzia miguuni mwake, likapita katikati yetu, likatokea dirisha la nyuma, na kila alipotaka kubadilisha gia ilibidi niliinue nimpishe. Hivyo ndivyo nilivyoiona barabara ya Entebbe: inua bomba, shusha bomba. Kulikuwa na ziwa mahali fulani, aliniambia.

"Fundi," akasema, "Kenya bomba ni rahisi kuliko hapa?"

"Mimi si fundi."

"Sawa. Lakini bei ikoje?"

Barabara mpya ilitupeleka mbio mpaka mjini, na mji ukatukamata shingo. Magari yalisimama. Bodaboda zilipita kila upenyo, na kila mwenye bodaboda alilishika bomba letu akiegemea kupumzika. Dada akapiga simu: maji yameshachemka mara mbili, wazee wameketi, hakuna atakayetia mrija kabla ya mrija wa kaka mkubwa. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Dereva akaninyooshea kidole: mtaa ule, jengo la kijani, duka la vitambaa chini, nyumba ghorofa ya tatu.

Nikashuka na bomba begani nikaingia katikati ya Kampala kwa miguu. Kubeba kitu cha mita mbili na nusu kwenye umati ni kazi inayotaka usiulizwe njia wala usiitwe. Mtu akikuita, ukigeuka, umempiga wa kulia, ukigeuka kumwomba radhi umempiga wa kushoto. Niliangusha kofia, niliangusha kapu la maembe ya mwanamke mmoja nikayaokota yote huku akinihesabia makosa. Nilitembea nikiomba msamaha kwa Kiswahili, Kiganda na Kiteso, mpaka nikaliona jengo la kijani.

Mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi, mama mmoja akanidaka mkono wa suti. Alikuwa na mkahawa pale chini, na maji yalikuwa yanatiririka hadi barabarani.

"Fundi! Nakungoja tangu asubuhi."

"Mama, mimi si fundi."

"Sasa hiyo ni nini, filimbi?"

Akasimama kwenye ngazi, na ulikuwa mwili wa kuziba ngazi. Niliona ni heri kutii kuliko kubishana, na ninaomba hilo likumbukwe, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikaingia jikoni kwake, nikainama chini ya sinki, maji yakanipiga kifua kizima, nikapapasa nikakuta koki, nikaifunga. Maji yakakatika. Mama akanitazama kama anavyotazamwa daktari.

"Na ati si fundi," akasema, akanipisha.

Nikafika ghorofa ya tatu saa kumi na nusu, suti inachuruzika. Chungu kilikuwa katikati ya sebule, juu ya gazeti. Wazee sita walikuwa wameketi kimya, mirija imeegemezwa ukutani. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake na mguu ameuweka juu ya stuli, amekonda, amevaa ile miwani. Hakuinua uso nilipoingia. Nikadhani amekasirika.

"Ni wewe?" akauliza, akitazama pembeni yangu kidogo.

"Ni mimi, baba mdogo."

"Ulikuja na nini?"

"Na ndege."

Akanyoosha mkono hewani. Ndipo dada akaninong'oneza kwamba macho yameondoka tangu mwaka juzi, sukari iliyachukua kwanza, na alikataza tusiambiwe. Nikampa kipande cha tikiti nilichorudishiwa mlangoni mwa ndege. Akakipapasa kingo, akakinusa, akakitia mfuko wa shati.

Nikatoa gunzi, nikauvuta mrija, nikamwekea mapajani. Vidole vyake vikatembea juu yake taratibu hadi kwenye waya wa shaba, vikasimama hapo. "Hapa nilikalia mimi, ukiwa bado wa baba yetu, ukapasuka," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Kaka akasema ni yeye. Akachapwa yeye."  Dada alikuwa amegeukia dirishani.

Wakamimina maji, nikautia mrija wa baba kwanza, kisha wakatia yao. Nikapiga simu nyumbani, mke wangu akamshikia baba, nikaweka sauti wote wasikie.

"Umefika?" baba akauliza.

"Umefika mzima. Uko kwa chungu."

 Upande wa Malaba nilisikia kuku wetu, na lori likipiga honi. Kisha baba akakohoa kama anavyokohoa akitaka kusema jambo lisilomtoka.

"Mwambie," akasema. "Mwambie leo achungulie. Nimesema mimi. Achungulie tu."

 Nilitaka kumwambia baba habari ya macho, na sikuweza. Baba mdogo alikuwa amesikia. Akaweka mrija wake kando, akashika ukingo wa chungu kwa mikono miwili, akainama mpaka mvuke ukafunika miwani yote, akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kidogo.

"Mwambie hakuna nzi," akasema.